Ndoana ya Babu si Pambo la Ukutani

Msomaji kijana, kuna neno moja ambalo limenikaa moyoni miaka mingi, na leo nataka kulisema bila kulizungusha. Neno lenyewe ni hili: vyombo vya kale vya uvuvi vya wazee wetu vyafa mikononi mwetu, na wanaoviua ni watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule avichekaye na kuvitia motoni. Wa pili ni yule avisifuye, akavinunua kwa fedha kidogo, kisha akavitundika ukutani au akaviuza ng'ambo. Watu wengi humlaumu wa kwanza na kumsamehe wa pili. Mimi nitawalaumu wote wawili. Na kabla ya kuwalaumu wao yanipasa nijilaumu mwenyewe, kwa kuwa nami nimekuwa mshirika wao.

Najua utakavyojibu. Utasema, "Mwalimu huyu amepotea njia. Sisi ni watu wa Kitui na Makueni. Nchi yetu ni nchi ya jua kali, ya mibuyu na migunga, ya mbuzi na mizinga ya nyuki. Uvuvi ni kazi ya watu wa Lamu na ya watu wa Kisumu. Vyombo vya uvuvi vyatuhusu nini?"

Tafadhali ifungue ramani yako. Mto Athi wapita kati ya Makueni na Kitui, na kwa sehemu kubwa ndio mpaka wa kaunti hizo mbili. Ukiisha kuungana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari kaskazini ya Malindi huitwa Sabaki. Upande wa kaskazini wa Kitui upo mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Maji yake yamezuiwa katika mabwawa makubwa, miongoni mwao bwawa la Masinga lililomalizika mwaka 1981 na bwawa la Kiambere lililomalizika mwaka 1988. Katika mito hiyo wamo kambare, wamo perege, na wamo mikunga. Mkunga wa mito yetu ni kiumbe wa ajabu: huzaliwa katika Bahari ya Hindi, hupanda mto akiwa mdogo kama uzi, hukaa miaka mingi katika maji baridi, kisha hurudi baharini kuzaa na kufa. Mtu wa Kibwezi amshikaye mkunga ameshika msafiri aliyetoka baharini mpaka kwao. Basi nani aliyekuambia kwamba uvuvi hautuhusu? Nchi yetu imekumbatiwa na mito miwili, na wazee waliokaa kandokando ya mito hiyo walijua kuvua.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alikaa karibu na Athi, upande wa Makueni. Alikuwa mkulima na mfugaji kama jirani zake, wala hakuna aliyemwita mvuvi. Lakini katika miezi ya ukame, maji yalipopungua na mto ukabaki madimbwi yaliyounganishwa na vijito vyembamba, alikuwa akishuka mtoni na kikapu chake. Ndani ya kikapu zilikuwamo ndoana tatu. Mbili zilifuliwa na mhunzi wa kijijini kwa vipande vya waya mnene. Ya tatu ilitoka kiwandani, naye aliinunua dukani kabla ya Uhuru wa mwaka 1963. Ulikuwamo mshipi wa nyuzi zilizosokotwa kwa gome la mbuyu, rangi yake kama asali iliyoiva. Lilikuwamo jiwe dogo lenye tundu, ambalo lilikuwa chubwi, yaani kizito cha kuzamishia mshipi, na kipande cha mti mkavu mwepesi kilichokuwa chelezo. Mgono wake, ule mtego wa fito uliofumwa kama kikapu kirefu chenye mdomo mpana, ulining'inia daima chini ya ukingo wa paa la ghala.

Nilipokuwa na umri wa miaka 12 babu aliniita mara kadhaa nishuke naye mtoni nijifunze. Kila mara nilikuwa na udhuru. Leo nilikuwa na kazi ya shule, kesho nilikuwa na mpira. Ukweli ni kwamba niliona haya. Rafiki zangu walikuwa wakisema kuwa mgono ni kitu cha watu wasiosoma, nami nilipenda kuonekana kuwa nimesoma.

Siku moja babu alikuwa amelazwa hospitalini. Akaja mtu na gari kutoka barabara kuu iendayo Mombasa, akinunua vigoda, vibuyu, pinde na vitu vyote vya kale. Aliuona mgono chini ya ghala. Aliuliza kama kuna vingine vya namna hiyo, nami nikamletea kikapu chenye ndoana na mshipi. Alinipa shilingi 300. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikaona kuwa nimepata bahati kwa kitu kisichokuwa na thamani.

Babu aliporudi na kusikia habari ile hakunipiga wala hakupandisha sauti. Alikaa juu ya kigoda chake, ambacho nasikitika kusema kuwa kilinusurika kwa sababu tu kilikuwa ndani ya nyumba iliyofungwa, akaniuliza neno moja: "Mjukuu wangu, mtu yule ulimfundisha namna ya kuutega?"

Nikajibu, "Hapana, babu. Mimi mwenyewe sijui."

Akasema, "Basi amenunua kuni."

Alifariki baada ya miaka miwili. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, hakuweza kufuma mgono mwingine. Mimi nilikuwa na macho mazuri na mikono thabiti, lakini sikuwa na elimu yake. Yeye alikuwa na elimu, lakini hakuwa tena na mikono. Tulikaa nyumba moja kwa miaka miwili hiyo, na kazi ile ikafa kati yetu. Hili ndilo kosa langu, na ndilo linipalo haki ya kukuonya wewe.

Sasa tuyatazame maneno ya babu. Kwa nini alisema kuwa mtu yule alinunua kuni? Kwa sababu chombo cha uvuvi hakimo katika fito wala katika chuma peke yake. Nusu yake imo katika mkono na akili ya mtumiaji. Nilipokuwa mtu mzima nilijaribu kutengeneza mgono kwa kukumbuka sura ya ule nilioujua utotoni. Ulipendeza machoni. Niliutega usiku kucha, asubuhi nikakuta chambo kimeliwa na samaki hawamo. Waliingia, wakala, wakatoka. Nilikuwa nimesahau kwamba ndani ya mdomo mpana ipo koo ya pili iliyo nyembamba, yenye ncha za fito zilizoelekezwa ndani, zimpishazo samaki aingiapo na kumchoma ageukapo. Koo hiyo haionekani kwa nje. Mtu aliyeutundika mgono wa babu ukutani, popote alipo, huenda hajui kuwa ipo.

Wale wanaovicheka vyombo vya kale husema kuwa ni vyombo vya watu wasiojua kitu. Nakuomba ushike kimoja kimoja na kukihoji kama uhojivyo kanuni ya hesabu. Mwulize mfumaji kwa nini aliacha nafasi ya upana wa kidole kati ya fito na fito. Atakujibu kuwa samaki mchanga apite, aende akakue. Mwulize kwa nini alipenda mtego kuliko mkuki. Atakujibu kuwa samaki aliye mtegoni yu hai. Ukimwona ana mayai, wamrudisha mtoni. Iulize ndoana kwa nini ni kubwa. Ni kubwa ili kinywa kidogo kisiimeze. Uulize mshipi wa gome kwa nini waoza baada ya misimu michache. Mshipi hautajibu, lakini mimi nitajibu kwa niaba yake: kuoza kwake ni wema. Mshipi wa nyuzi za mti ukikatika na kupotea ndani ya maji, huoza ukarudi kuwa udongo. Wavu wa nailoni ukipotea hauozi. Hubaki chini ya maji miaka na miaka, ukiendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala, kama askari aliyesahauliwa vitani ambaye hajaambiwa kuwa vita vimekwisha.

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Nenda leo katika mabwawa na mito yetu utakiona kidonda hicho. Utamwona kijana akivua kwa chandarua, kile kile alichopewa mama yake ili kumkinga mtoto na mbu. Macho ya chandarua ni madogo kuliko punje ya mtama. Hakipishi kitu: hukusanya samaki wakubwa na vifaranga vyao pamoja. Zaidi ya hayo, vyandarua vingi vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa ya namna hiyo ni sumu kali kwa samaki. Kijana huyo ana simu mfukoni, naye humcheka mzee mwenye mgono kuwa hajastaarabika. Mimi nauliza, ni yupi kati yao aliyepiga hesabu ya mwaka ujao?

Usidhani nasema haya kwa kupenda mambo ya kale tu. Yapo yaliyotokea katika nchi yetu yenyewe, na mtu mwenye akili hujifunza kwayo. Kabla ya mwaka 1905 wavuvi wa Ziwa Viktoria walikuwa wakitumia mitego ya kufuma, ndoana, na kokoro za mafunjo. Mwaka huo nyavu za kitani kutoka Ulaya ziliingia ziwani. Zilivua samaki wengi ajabu, hasa ngege, na watu wakafurahi. Lakini haikupita miaka mingi ngege wakaanza kuadimika. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu aitwaye Michael Graham alilichunguza ziwa, akashauri kwamba macho ya nyavu yasipungue inchi 5, ili samaki wachanga wapite. Sheria ikawekwa. Kisha, katika miaka ya 1950, zikaja nyavu za nailoni, zenye nguvu zaidi na zisizooza. Mwishoni mwa miaka hiyo na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sheria ya inchi 5 ikaachwa, na nyavu zenye macho madogo zikaenea. Sangara aliyetiwa ziwani wakati huo huo aliongeza maafa. Matokeo yake ni kwamba ngege wa asili wa ziwa lile, ambaye alikuwa chakula cha kila siku, alitoweka karibu kabisa. Tazama basi: lile ambalo mtaalamu alilipendekeza kwa hesabu na sheria, yaani kumpisha samaki mchanga, mfuma mgono alilifanya kwa kidole chake. Tofauti ni kwamba sheria yaweza kufutwa kwa kalamu, lakini nafasi iliyoachwa katika fito haifutiki mpaka mgono wenyewe uchomwe.

Wengine watasema kuwa wazungu waliendelea kwa kutupa vya kale. Hao hawawajui wazungu. Mwaka 1905, mwaka ule ule nyavu zilipoingia ziwani, mayai ya samaki aitwaye trauti yaliletwa kutoka Uskoti, na samaki wakatiwa katika mto Gura wa milima ya Aberdare, ili walowezi wapate mchezo wa kuvua waliouzoea kwao. Walivua kwa fimbo za mwanzi. Mwanzi hupasuliwa vipande sita vyembamba, vikachongwa, vikagandishwa pamoja kwa gundi hata vikawa fimbo moja nyepesi yenye pande sita. Kiwanda cha ndugu Hardy katika mji wa Alnwick, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1872, kilipata sifa dunia nzima kwa fimbo za namna hiyo na kwa magurudumu ya shaba ya kukunjia mshipi. Je, wajukuu wa watu hao wamezichoma fimbo za babu zao? La. Wanazipaka mafuta, wanazifunga upya nyuzi za hariri, wanazinunua mnadani kwa bei kubwa kuliko ya fimbo mpya. Na lililo kubwa zaidi, wengi wao huzichukua mtoni na kuvua nazo. Hakuna anayewaita washamba. Wanaitwa mabingwa. Kwa nini basi fimbo ya mwanzi wa babu yake Mwingereza iwe hazina, na mgono wa babu yako uwe takataka? Anayekubali mizani hiyo ameruhusu mtu mwingine ampimie thamani ya kwao.

Tena, ikiwa twashindana kwa ukale, hakuna atushindaye. Mahali paitwapo Katanda, kando ya mto Semliki mashariki ya Kongo, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua chusa za mfupa zilizochongwa miiba kwa ustadi, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Habari hizo zilipotangazwa mwaka 1995, umri wa chusa hizo ulikadiriwa kuwa miaka kama 90,000. Hapa Kenya, huko Lothagam karibu na Ziwa Turkana, chusa za mfupa zilifukuliwa katika miaka ya 1960, nazo zina umri wa maelfu ya miaka. Watu wa sehemu hizi walikuwa wakipiga chusa kambare zamani sana kabla ya watu wa Ulaya kujenga mji wao wa kwanza. Kambare wa Athi ni wa jamaa ile ile. Mtoto wa Kitui asemaye kwamba uvuvi si jambo la kwao anakana urithi mrefu kuliko vitabu vyote vya historia alivyosoma.

Nageukia sasa kwa yule wa pili, yaani mkusanyaji. Huyu hujiona mwema kwa kuwa hachomi moto. Husema, "Mimi nahifadhi." Anahifadhi nini? Kama amenunua ndoana bila kuuliza jina la mhunzi, mshipi bila kuuliza jina la mti, mgono bila kuuliza ulitegwa katika maji ya namna gani na katika mwezi upi, basi amehifadhi mwili na kuiacha roho. Tena mara nyingi vitu hivyo havibaki hapa. Kati ya mwaka 2018 na 2021 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani walifanya kazi ya kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya nchi za nje. Waliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi 30, na hizo si taasisi zote. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilichukuliwa kwa nguvu. Mwanafunzi wa Kitui apendaye kuona kitu alichokitengeneza babu wa babu yake huenda akahitaji pasipoti na nauli ya ndege. Na katika yale niliyokueleza, wala nguvu haikuhitajika: ilitosha shilingi 300 na mtoto aliyeona haya.

Sisemi kuwa makumbusho ni mabaya. Makumbusho yafanya kazi nzuri, na bila hayo vitu vingi vingekwisha kuliwa na mchwa. Lakini makumbusho hayawezi kufanya kazi ambayo ni ya mkono wako. Kabati la kioo laweza kulinda fito. Haliwezi kukumbuka namna ya kuzifuma.

Yapo maneno mawili ya haki ambayo wapinzani wangu wanaweza kuyasema, nami sitayakimbia. La kwanza ni kwamba mgono mmoja hauwezi kulisha mji. Ni kweli. Watu wa nchi hii ni wengi, na wavuvi wa biashara hawawezi kuacha nyavu. Simwambii mvuvi wa Masinga atupe wavu wake halali wenye macho makubwa. Namwambia mwanafunzi ajue kipimo kilicho ndani ya chombo cha kale, ili atakapokuwa mvuvi, au afisa, au mtunga sheria, ajue chombo kipya kinachofaa na kisichofaa. Sheria ya uvuvi ya Kenya ya mwaka 2016 imekataza nyavu za uzi mmoja wa plastiki, na kuvua kwa sumu na baruti. Sheria hiyo ni njema. Lakini sheria isiyoeleweka huvunjwa usiku, na aliyewahi kushika mgono huielewa bila kuhubiriwa.

Neno la pili ni kwamba si kila cha kale kilikuwa chema. Hili nalo ni kweli, nami nalisema kwa sauti, kwa sababu mtetezi anayeficha aibu ya mteja wake humharibia kesi. Wazee wa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki walijua mimea kama utupa, ambayo ikitwangwa na kutiwa katika dimbwi huwalevya samaki wote, wadogo kwa wakubwa. Hiyo haikuwa na kipimo, na haifai kufufuliwa. Kukusanya ni kuchagua. Mwenye kusifu kila kitu cha babu zake hawaheshimu, huwafanya sanamu. Babu zetu walikuwa watu, walipatia na walikosea, na heshima iliyo bora ni kuzipima kazi zao kama wao walivyozipima.

Labda sasa utauliza, "Nifanye nini?" Nitakuambia tulilolifanya sisi katika chuo cha ualimu ninakofundisha, wala sitalipamba. Niliwaomba wanachuo watafute vyombo vya kale vya uvuvi makwao, bila kuvichukua kwa hila na bila kumnyang'anya mzee kitu anachokitumia bado. Wengi walirudi mikono mitupu. Wachache walileta ndoana zenye kutu, na mmoja alileta mgono uliovunjika nusu. Mgono huo uliokuwa umevunjika ulitufaa kuliko ungalikuwa mzima, kwa kuwa kupitia ule ufa tuliiona koo ya ndani jinsi ilivyofungwa. Nilipoiona nilinyamaza kitambo. Nilikuwa nimeitafuta kwa miaka mingi.

Tatizo lilikuwa nyuzi. Hakuna aliyejua tena kusokota mshipi wa uvuvi. Tukafikiri kuwa tumeshindwa, mpaka msichana mmoja akasema, "Mwalimu, mbona huu ni uzi wa kiondo?" Alisema kweli. Nyanya yake alikuwa bado akisokota nyuzi za mbuyu na za mkonge juu ya paja lake kwa ajili ya kufuma viondo, kama wanawake wa Ukambani wafanyavyo tangu zamani. Elimu tuliyodhani imekufa mtoni ilikuwa hai uani, mikononi mwa mama zetu, na sisi wanaume tulikuwa tukipita karibu nayo kila siku. Mama huyo alikuja chuoni akatufundisha siku mbili. Alicheka sana vidole vyetu.

Tulikwenda kwanza kwa afisa wa uvuvi wa kaunti tukapata ruhusa. Tulichagua mahali pa maji machache palipo wazi, kwa maana Athi ina mamba, na hakuna urithi unaostahili mguu wa mwanafunzi. Mara ya kwanza hatukupata kitu. Mara ya pili hatukupata kitu. Mara ya nne tulipata kambare mmoja na samaki wadogo wawili ambao tuliwarudisha majini wakiwa hai. Kambare yule hakutosha kumshibisha hata mtu mmoja. Lakini nakuambia kwamba vijana 30 walishangilia kama watu walioshinda kikombe, na mmoja wao, aliyekuwa akivua kwa chandarua nyumbani kwao, aliniambia njiani wakati wa kurudi kwamba hatafanya hivyo tena. Sikuwa nimemwambia neno lolote juu ya vyandarua.

Kwa hiyo, msomaji wangu, hivi ndivyo ufanyavyo. Kwanza tafuta mtu kabla ya kutafuta kitu. Chombo chaweza kungoja katika dari kwa mwaka mwingine; mzee wa miaka 80 huenda asingoje. Keti naye, mwamkie kwa adabu, mwulize, na uandike: jina la chombo kwa lugha ya kwenu, jina la mti, jina la mtengenezaji, jina la mahali katika mto, mwezi wa kutega, na chambo kilichotumika. Pili, chombo chenyewe kikiwa dhaifu usikitumie. Kifute vumbi, chuma kipake mafuta kidogo, fito ziweke pakavu mbali na mchwa, kisha utengeneze mfano wake kwa mikono yako. Cha kale kiwe mwalimu, kipya kiwe mtumishi. Tatu, mfano huo utumie. Utege, ukosee, urudie. Mpaka utakapovua japo samaki mmoja hujui kitu, una picha tu. Nne, mtu akija na fedha kununua chombo cha kwenu, mwulize lile swali la babu yangu. Mwulize kama anajua kukitega. Kama hajui na hataki kujua, mwambie kuni zauzwa sokoni.

Huenda ukasema kuwa jambo hili ni dogo mno kwa nchi yenye shida nyingi. Ndoana ni ndogo, ndiyo. Lakini ndogo hiyo ndiyo imtoayo samaki mkubwa majini. Taifa halipotezi maarifa yake kwa siku moja wala kwa vita moja. Huyapoteza nyumba kwa nyumba, mtoto mmoja akiona haya hapa, mnunuzi mmoja akitoa shilingi 300 pale, babu mmoja akifariki pasipo mtu wa kumrithisha. Vivyo hivyo laweza kuyarudisha nyumba kwa nyumba.

Mimi nilichelewa, na nimelazimika kujifunza kwa mgono uliovunjika kile ambacho ningalifundishwa kwa mgono mzima na mtu aliyenipenda. Wewe huenda hujachelewa. Shule ikifungwa, nenda kwenu, utazame chini ya paa la ghala. Kisha umtafute mwenye ghala.